Aliaye na Aliyenyamaza

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia katika njia panda ya Londiani, huko Kericho, nchi ya mashamba ya chai, likawaponda wasafiri na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Nasi twauliza: majeruhi wengi wakiletwa kwa pamoja, na mashine ya kutazamia ndani ya mwili ikawa ni moja, ni nani mwenye haki ya kutangulia?

Desturi yetu humtanguliza apigaye kelele, au mwenye jamaa mlangoni. Hilo si haki. Aliyevunjika mguu hulia, wala halaumiwi. Lakini aliyepasuka bandama huweza kunyamaza, hali damu yamwagika tumboni nayo haionekani. Mashine ya mawimbi ya sauti huionyesha damu hiyo kwa dakika chache, pasipo kisu wala mionzi. Hapo asiyeweza kusema hupata shahidi.

Lakini shahidi huyu naye ana mpaka wake. Damu ikiwa kidogo humpita. Basi picha safi si hati ya usalama, na mgonjwa yapasa atazamwe tena. Wala anayekata roho asingojeshwe kwa ajili ya picha.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni ya kila majeruhi, si ya wetu peke yake. Basi tusimshike daktari mkono ili wetu atangulie. Huenda ukelele wetu ndio unaomuua aliyenyamaza.