Firimbi ya Mwisho: Je, Haki Inabadilika Wakati Ukikaribia Kuisha?



Siku ya Mungu moja, kiisha ibada, nilikuta vijana wetu chini ya mwembe wakibishana kwa nguvu. Walikuwa wametazama katika simu picha za mchezo wa basketi wa wanafunzi wa Marekani uliochezwa mwaka 2019. Wakaniita: “Baba shemasi, wewe ulikuwa arbitri zamani. Utukatie neno hili: ekipe ile iliibiwa ao haikuibiwa?” Niliwajibu haraka nikaenda zangu, lakini jibu langu halikuniacha nilale vizuri. Leo ninalirudia mbele yenu wote, maana swali lao si la basketi peke yake.

Kwanza tusikie habari yenyewe. Vyuo vikuu vya Marekani vina mashindano makubwa ya basketi kila mwaka. Ndugu yetu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2024, aliyacheza alipokuwa mwanafunzi wa Georgetown. Katika mashindano hayo ekipe ikishindwa mara moja tu, inarudi nyumbani.

Tarehe 6 Aprili 2019, mjini Minneapolis, mbele ya watu zaidi ya 70,000, Virginia na Auburn zilicheza ili moja yao iingie katika mchezo wa mwisho kabisa. Auburn haikuwa imefika hatua ile hata mara moja. Zikabaki sekunde chache, Auburn ikiwa na pointi 62 na Virginia 60. Ty Jerome wa Virginia alikuwa anakimbia akidunda balo. Balo ikamgonga mguu, akaikamata kwa mikono miwili, kisha akaidunda tena. Kanuni inakataza jambo hilo: ukiisha kuikamata, uipe mwenzako ao uitupe kikapuni. Firimbi ingelia, balo ingekuwa ya Auburn. Firimbi haikulia.

Mchezo ukaendelea. Ilipobaki sekunde 1.5 Auburn ikafanya kosa dogo kwa kusudi ili kusimamisha mchezo. Balo ikarudishwa uwanjani, Kyle Guy wa Virginia akairusha kutoka mbali, na mchezaji wa Auburn akamgonga wakati wa kurusha. Ilibaki sekunde 0.6. Sasa firimbi ikalia. Guy akapewa kutupa mara tatu bila mtu kumzuia, na zote tatu zikaingia. Virginia 63, Auburn 62. Siku mbili baadaye Virginia ikaishinda Texas Tech 85 kwa 77, ikachukua taji kwa mara yake ya kwanza.

Vijana wa upande mmja walisema: “Sekunde za mwisho ni za wachezaji. Mwamuzi anyamaze.” Neno hili linapendeza masikioni, lakini tulipime. Ukimgonga mtu katika dakika ya kwanza ni kosa. Je, ukimgonga katika sekunde ya mwisho ni kitu gani? Mwamuzi anayenyamaza kwa sababu wakati unaisha hakuacha kuamua. Ameamua kwamba aliyegonga apate faida. Na wenye nguvu wakijua kwamba mwishoni hakuna hukumu, watangojea mwisho ili wafanye wapendavyo.

Wengine walisema neno lililo gumu zaidi: “Kama aliacha kosa la Virginia, ilimpasa kuacha na la Auburn, ili mizani iwe sawa.” Ndugu zangu, hapa ndipo nilipojibu haraka. Neno hili tunalisikia kila mara tunapoketi kusikiliza mashauri ya nyumba: “Baba shemasi, juzi ulimwachilia fulani. Mbona leo mimi?” Anayesema hivyo ana uchungu wa kweli, tusimcheke. Lakini tukimfuata, kosa moja lililopita litakuwa ruhusa ya kosa la pili, na la pili ruhusa ya la tatu. Tena, tukianza kuhesabu tukirudi nyuma, tutasimama wapi? Wako waliotazama picha tena wakasema kwamba mbele ya Jerome kuikamata ile balo, mtetezi wa Auburn alikuwa amemvuta nguo. Basi deni linaanzia kwa nani?

Andiko la Mithali 20:10 linatuambia kwamba vipimo viwili ni chukizo kwa Mungu. Aliyekosa kupima vizuri asubuhi hatengenezi kosa kwa kupima vibaya jioni. Anatengeneza kwa kumrudia yule aliyempunguzia.

Na tuangalie pia neno “kuiba”. Mwizi anajua anachofanya. Mwamuzi ana macho mawili, na watu kumi wanakimbia mbele yake. Asipoona, amekosea, hakuiba. Sisi tunaotazama picha polepole mara tano, tukimwita mwizi, tunamshuhudia uongo. Kocha wa Auburn, Bruce Pearl, ambaye ndiye aliyepoteza, hakuwatukana waamuzi. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: kama ni kosa, lipigiwe firimbi, liwe la mwanzo, la katikati ao la mwisho. Kushindwa kulimuuma, lakini alisimamia kipimo kimoja.

Sasa niwaambie sababu ya mimi kukosa usingizi. Nilipokuwa kijana wa miaka 22 nilipiga firimbi katika mchezo wa vijana wa kanisa letu na vijana wa mtaa wa jirani. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Katika sekunde za mwisho kijana wetu alitembea na balo hatua nne, ile tunayoita marshe. Nilimwona wazi. Firimbi ilikuwa kinywani mwangu. Nikafikiri juu ya wamama wanaoimba pembeni, na mchungaji aliyeketi mbele, na mimi mwenyewe nitakayerudi nyumbani pamoja nao. Sikupuliza. Akatupa, ikaingia, tukashangilia. Watu wakasema kwamba Mungu ametupa ushindi, na mimi nikaitika amina.

Mwamuzi wa Minneapolis, kama hakuona, hana deni kama langu. Mimi niliona. Miaka zaidi ya ishirini nimeketi kuamua mashauri ya wengine nikiwa na firimbi ile kooni.

Baada ya vijana kuniuliza chini ya mwembe, nilimtafuta yule aliyekuwa kapteni wa ekipe ya mtaa. Leo ni baba wa watoto watano, anauza sementi karibu na soko. Nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: “Baba shemasi, nilijua. Siku ile ulinitazama, ukageuza macho. Kikombe kile hakina kazi tena kwangu. Lakini tangu siku ile sikutaka kuingia katika kanisa lenu.”

Ndugu zangu, mimi nilifikiri nimepoteza pointi mbili za mchezo. Kumbe nilimfungia mtu mlango.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mlio wazee, mashemasi, wamama viongozi, na kila mzazi anayeamua kati ya watoto wake. Kama hukuona, sema kwamba hukuona. Kama umeona, puliza, hata kama ni mtoto wako, hata kama watu wanaimba, hata kama ni sekunde ya mwisho. Na kama ulinyamaza zamani, aliyeumizwa huenda bado yuko karibu na soko. Enda kwake.

Vijana wangu, jibu langu ndilo hili. Amani ya Bwana ikae nanyi.