Taa ya Mama, Taa ya Meneja

Meneja alipendeza. Hicho ndicho kitu cha kwanza dada yangu alisema baada ya kutazama filamu yetu fupi, dakika 12 ambazo zilitula miezi minne, na mimi nimekaa kando yake kwenye kochi nikingoja alie. "Huyu jamaa anaonekana mtu wa maana," akasema. "Lakini huyo mama, sijui. Ni kama kuna kitu anaficha."

Huyo mama hakuwa anaficha kitu. Alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kiwanda kimoja huko Eneo la Viwandani, na meneja ndiye alituambia mbele ya kamera kwamba mfanyakazi hakufuata maagizo. Kama kuna kitu kilifichwa, nilikificha mimi, tena kwa taa.

Wacha nieleze. Ofisini kwa meneja tulipewa saa mbili nzima za kujipanga. Nilikuwa nimekodi taa mbili za tyubu, zile za filamu, kila moja na mirija minne. (Siku hizi kila mtu anataka LED, kwa hivyo tyubu zinapatikana kwa bei ya kuongea.) Niliweka moja kando ya kamera, nikaitandazia kitambaa cheupe, nikaisogeza karibu na uso wake hadi ikabaki kidogo tu iingie kwenye picha. Ulaini wa mwanga hauna uchawi: chanzo kikiwa kikubwa na kikiwa karibu, kivuli kinakosa ukingo. Mwanga unauzunguka uso, mikunjo inajaa, na ndani ya macho kunatokea kitu kama dirisha dogo jeupe. Tyubu pia hazichomi kama balbu za zamani, kwa hivyo mtu hatoi jasho la mwizi. Meneja alionekana kama mtu aliyelala vizuri na hadaiwi na yeyote.

Kwa mama, Kayole, tulifika jioni. Chumba cha futi 10 kwa 10, na tyubu moja ya kawaida kwenye dari. Produsa akasema taa zetu zibaki kwa gari. "Iache hivyo hivyo. Ukweli uko hapa." Nilikubali, na nilikubali haraka, kwa sababu nyumba ilikuwa ghorofa ya nne na mgongo ulikuwa unaniuma.

Tyubu ya darini inamulika kutoka juu, kwa hivyo macho yanageuka mashimo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu yenye choki ya zamani inapepesa mara 100 kwa sekunde. Wewe huoni, lakini kamera inaona, na usipopanga kasi yake vizuri picha inatembewa na mistari. Halafu kuna ule ukijani, ambao ukiangukia ngozi nyeusi unamfanya mtu mzima aonekane ametoka wodini juzi.

Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa nitaonekana vizuri?" Nikamjibu, "Utaonekana vile uko, mama." Nilidhani nimesema neno la busara.

Vile uko. Nani huonekana vile yuko? Tyubu ile haikuchaguliwa na mama, ilichaguliwa na landilodi akiangalia bei. Ilichosema kwenye picha yetu ni kodi anayolipa, na sisi tukaiita ukweli wake. Meneja naye hatukumwambia ataonekana vile yuko. Tulimuuliza kama kiti kiko sawa.

Wenzangu wengi kwenye hii kazi wanaamini kwamba mwanga laini ni uongo, na kwamba ukimpendezesha mtu anayeteseka unauza mateso yake. Hoja hiyo naielewa. Nimeona matangazo ya misaada yanayong'aa kama ya sabuni. Lakini inashangaza vile hoja hiyo hukumbukwa tukiwa Kayole tu. Na hata vifaa vyenyewe havijawahi kuwa bila upande. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo ilihesabiwa kuwa ya kawaida. Kodak ilipokuja kuboresha rangi za kahawia, msukumo mmoja ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Chokoleti ililalamika ikasikizwa.

Hata kisingizio cha chumba kidogo hakinisaidii. Taa zile nilizoacha kwa gari zilizaliwa kwa sababu ya vyumba vidogo. Kwenye filamu ya Barfly ya mwaka 1987, mpigapicha Robby Müller alikuwa na vyumba visivyotosha taa kubwa. Fundi wake wa taa, Frieder Hochheim, akatenganisha mirija na choki yake nzito, ili mirija ibandikwe ukutani na choki ikae mbali.

Niliwaza pia kumrudia meneja na kummulika vibaya. Ingekuwa tamu, maze. Lakini hiyo ingekuwa kumhukumu kwa kivuli, na ushahidi tulikuwa nao.

Nikarudi Kayole kwa pesa yangu. Nikabandika mirija miwili ukutani kwa selotepu, mwanga ukitokea upande, nikazima ya darini. Mara ya kwanza mama alikuwa amekalia mkono wake karibu muda wote. Safari hii alijitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaweka mkono mezani.

Shida ni kwamba maneno hayakurudi. Ile siku ya kwanza alikuwa amesimulia hadi sauti ikakatika. Safari hii alisimulia kama mtu anayesoma risiti, na singemwomba alie tena. Kwa hivyo tulichukua sauti ya kwanza tukaiweka juu ya picha ya pili, na pale midomo ilipokataa kulingana tukaonyesha mkono. Produsa anasema huo sasa ndio uongo niliokuwa nauogopa. Sijapata jibu la kumpa.

Nilimpigia mama nikamweleza tulichofanya, nikamuuliza kama ni sawa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni gauni gani linaonekana.

"La pili," nikamwambia.

"Na vidole?"

"Vinaonekana, mama."

"Basi iacheni."