Aliyeambiwa na Asiyeambiwa

Je, mtu aliyetengeneza kitu akawapa watu wakitumie, ana haki ya kukiondoa baadaye? Tuseme amechimba kisima kando ya njia, wapita njia wakakizoea, wengine wakajenga nyumba zao karibu nacho. Aweza siku moja kukifukia kwa kuwa ni chake? Swali hili ni la kale, nami sikudhani lingenijia kwa mlango wa kompyuta.

Mwaka 2008 niliandika programu ndogo ya kutunza hesabu za chama kimoja cha kuweka na kukopa. Niliiandika kwa lugha ya PHP, na ndani yake nikatumia amri mbili za kushughulikia maandishi. Moja ni ereg, iliyochunguza kama namba ya mwanachama imeandikwa inavyotakiwa. Ya pili ni split, iliyokata mstari wa maandishi vipande vipande palipo na mkato. Zilikuwa amri halali, zimo katika vitabu vya mafundisho, na zilifanya kazi yake bila kelele.

Asubuhi moja ya Oktoba 2016 karani wa chama alinipigia simu. Ni mama wa makamo, nami nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Mashine imenikataa. Inanionyesha ukurasa mweupe tu."

Mbele ya meza yake alisimama mzee aliyefuata mkopo wa ada ya chuo ya binti yake, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kulipa.

Nilipochunguza nikaona kwamba kampuni iliyotukodisha nafasi katika kompyuta zake ilikuwa imeingiza toleo la saba la PHP, lililotoka Desemba 2015. Katika toleo hilo amri zangu mbili zilikuwa zimefutwa. Nilikasirika sana. Nikasema maneno mengi juu ya watu wa mbali ambao huamka asubuhi wakavunja vya wenzao.

Hasira ilipoa nilipokumbuka jambo moja. Tangu 2009, katika toleo la 5.3, wenye PHP walikuwa wametangaza kwamba amri hizo zimepitwa na wakati na zisitumike tena. Wala hawakutangaza kwa maandishi tu: programu yoyote iliyozitumia ilitoa onyo yenyewe. Miaka sita nzima! Na onyo hilo mimi nililiona. Lilijitokeza juu ya ukurasa, likaharibu sura ya kazi yangu na kumtisha karani. Basi nikaandika mstari mmoja wa kunyamazisha maonyo yote, nikaenda zangu.

Rafiki niliyemsimulia alicheka, akanipa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli tupu. Lakini guu lililokuwa hatarini kuvunjika halikuwa langu.

Labda msomaji atasema dawa ni kutofuta kitu kamwe. Hapo namkumbusha habari ya gets, amri ya lugha ya C. Kazi yake ilikuwa kupokea mstari wa maandishi na kuuweka katika nafasi iliyotengwa, ila haikuuliza nafasi hiyo ina ukubwa gani. Ni kama mtu anayemimina maji mtungini gizani. Maandishi yakizidi, humwagikia vilivyo jirani katika kumbukumbu ya kompyuta. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mtandaoni programu iliyojisambaza yenyewe. Mojawapo ya njia zake ilikuwa hiyo hiyo: penye nafasi ya herufi 512 ilipeleka 536, na zile za ziada zikaifanya kompyuta ya watu wengine imtii mgeni. Kompyuta zilizoathirika zilikadiriwa kufika 6,000.

Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha kanuni rasmi za lugha ya C, na gets ilikuwamo. Ilikuwamo tena katika kanuni za 1999. Ilitangazwa kuwa imepitwa mwaka 2007, ikaondolewa 2011. Mmoja wa misingi ya watungaji wa kanuni hizo ulikuwa kuheshimu programu zilizokwisha kuandikwa, nao si msingi mbaya; wenye JavaScript wanaushika mpaka leo, kwani amri yao ya zamani, escape, haishauriwi kwa programu mpya, lakini haijafutwa, ili kurasa za kale zisife. Hata hivyo, kwa gets naona heshima hiyo ilizidi. Kisima chenye sumu hakisubiri miaka ishirini na zaidi.

Ile ereg haikuwa sumu ya namna hiyo. Ilikuwa na mwenzake aliyeifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kuwalisha wawili ni mzigo kwa mwenye nyumba. Sababu ni nzuri, lakini ni nyepesi, na sababu ikiwa nyepesi uzito wote wa haki hukalia onyo. Onyo lilimfikia nani? Lilinifikia mimi. Mama karani hakujua hata kama kuna kitu kiitwacho PHP, achilia mbali yule mzee. Wenye lugha hawakuwa na njia ya kusema nao ila kupitia kwangu, na mimi nililiziba onyo kwa sababu lilichafua ukurasa.

Kazi ya kurekebisha ilinichukua muda wa kama saa mbili. Mahali pa split nikaweka explode, mahali pa ereg nikaweka preg_match. Nilipompigia karani kumwambia ajaribu tena, alisema mzee amekwisha kuondoka na fedha zake. Alikuwa amefungua kaunta buku lake, akasoma hisa na akiba, akampelekea mwenyekiti kutia sahihi. Ni lile kaunta buku ambalo mwaka 2008 nilimwambia alitupe kwa kuwa limepitwa na wakati. Alikuwa ameitikia "sawa, mwanangu," kisha akaendelea kuliandika kila jioni kwa miaka minane.

Sikumwuliza kwa nini. Nilimwomba tu asiache.