Mahindi Mabovu na Dhamana ya Muuzaji

Ndugu zetu wenye kuuza nafaka na wenye kuila, yatupasa tuizingatie khabari iliyowapata jirani zetu wa Makueni na Kitui mwaka 2004. Tangu Januari hata Julai waliandikwa wagonjwa 317 katika wilaya hizo na za kando yake, na katika hao walikufa 125. Macho yao yaligeuka manjano, na maini yao yakashindwa kazi. Haikuwa homa ya kuambukizana, yalikuwa mahindi. Mvua ilinyesha nje ya majira yake, nafaka ikawekwa majumbani kabla ya kukauka, ikaota kuvu itoayo sumu iitwayo sumukuvu. Kuipika hakuiondoi, wala waganga hawana dawa ya kuivunja ikishaingia mwilini. Mahindi ya masokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya vipande vilivyochukuliwa vilipita kiasi kilichoruhusiwa na sheria.

Muuzaji atasema: "Sikujua; sumu haionekani kwa jicho." Je, hoja hii yamwokoa? Twasema, yamwokoa asiyekuwa na njia ya kujua. Ama yule aliyeziona punje zimeota ukungu, akazichanganya na nzima ili zisitambulikane, huyo alijua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini yake majimaji. Mwenyewe akajitetea kwa mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuficha, kwani ilimpasa aliweke juu lililolowa ili watu walione.

Lakini tusimtwike muuzaji mzigo wote. Mama aliyebakiwa na debe moja, na watoto wanalia njaa, ukimwambia "Tupa!" kisha ukaenda zako, umemwondolea sumu ukamwachia njaa. Mwaka ule serikali iligawa chakula badala ya kile kilichoharibika, na hiyo ndiyo haki. Kukataza ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kumpa mwenye njaa kilicho kizima.

Basi kila mwenye ghala aanike nafaka juu ya turubai, asiianike juu ya udongo. Aiinue ghalani isiguse sakafu, na achambue kabla ya kupima. Yaliyooza asiwauzie wafugaji kwa bei nafuu, kwani sumu hiyo hupita katika maziwa ikawarudia watoto wetu. Na sisi wanunuzi tusimshurutishe mtu auze rahisi hata ashindwe kuitupa punje mbovu.

Wabillahi tawfiki.