Je, Ni Haki Kumgharimia Mtoto Mmoja Zaidi?

Bwana mmoja wa jumuiya yetu alimwuliza mkewe: "Tuna watoto wanne. Kwa nini huyu pekee alipiwe mwalimu wa jioni?"

Mtoto mwenyewe hupiga hesabu za dukani kichwani, lakini kusoma mstari mmoja humtoa jasho. Baba humwita mvivu, mama humficha. Nyumba imegawanyika.

Huenda ni disleksia, yaani shida ya ubongo kuunganisha herufi na sauti zake. Si uvivu, wala si upungufu wa akili. Mara nyingi hurithiwa, hivyo msinyosheane vidole. Kiboko hakiiponyi, na shuleni kilikatazwa mwaka 2001.

Anzeni kwa mwalimu wa darasa. Kisha ombeni mtoto apimwe katika kituo cha serikali cha EARC, au katika taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi. Tuisheni ya kurudia masomo ya darasani haitoshi. Tafuteni mwalimu anayefundisha sauti za herufi hatua kwa hatua, mtoto akiona, akisikia na kuandika.

Je, wenzake wanaonewa? Mmoja akiugua malaria, hatuwanyweshi wote dawa. Haki ni kila mtoto kupata anachohitaji. Ila waelezeni wenzake, wasije wakadhani anapendwa kuliko wao.

Bwana na Bibi, usiku wa leo msiulizane nani alimharibu mtoto. Ulizaneni ni lini mtakwenda naye shuleni, ninyi wawili.