Mtoto Huyu ni wa Nani?

Ndugu wasomaji, kuna swali tunaloliuliza kila siku kwa wema: mtoto huyu ni wa nani? Tumkutapo mtoto aliyepotea njiani twamwuliza hivyo, ili tumjue baba yake na ukoo wake, tupate kumrudisha kwao. Lakini swali hilo hilo laweza kugeuzwa likawa mlango wa kufungia watu nje. Nimelisikia likitumiwa hivyo, nami nataka tulifikiri pamoja.

Katika mtaa wetu akina mama wa usharika waliazimu kukusanya mawinda ya watoto wachanga, yaani vile vitambaa tunavyoviita nepi, pamoja na kanga kuukuu zilizo safi, pini na sabuni, ili wapewe wazazi wasio na kitu. Kila nyumba iliombwa kitambaa kimoja tu, maana kutoa ni moyo, si utajiri. Tulipoketi kulizungumza jambo hilo, mzee mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, akauliza: "Je, watakaopewa ni watoto wa nani? Wako waume wanywao fedha yote ya kahawa. Wako na mabinti waliozaa wangali nyumbani kwa baba zao. Tukiwapa hao, si tutakuwa tunaulipa uvivu na dhambi?" Watu wote wakanyamaza.

Kabla ya kumjibu, na tuupime mzigo wenyewe. Maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoto mchanga huchafua vitambaa vinane na kuzidi kwa mchana na usiku. Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa, mvua za masika hunyesha tangu Machi hata Mei. Jua hujificha, na nguo iliyofuliwa asubuhi huanikwa chini ya paa, na kesho yake ni mbichi bado. Mama mwenye vitambaa vinne tu hana budi kumfunga mwanawe kitambaa kibichi. Ngozi ya mtoto hubabuka, naye hulia usiku kucha. Pampasi za dukani hutumika mara moja zikatupwa, nazo hutaka fedha mkononi, na siku hizo kahawa ingali juu ya miti. Tena wako wazazi waonao haya kwenda zahanati kujifungua kwa kuwa hawana kanga safi za kumpokelea mtoto. Hukawia nyumbani, na kukawia huko kwaweza kumwua mama na mtoto pia.

Wala tusidhani kwamba kukosa vitambaa ni dalili ya uvivu daima. Marekani ni nchi tajiri, na hata huko wako wazazi wafanyao kazi wasioweza kununua nepi za kutosha. Ndiyo sababu mwaka 2011 likaundwa shirika la nchi nzima la kuziunganisha ghala za nepi za msaada. Ikiwa penye mali nyingi ni hivyo, itakuwaje kwa mkulima wa kibanja kidogo, ambaye migomba yake imeshikwa na mnyauko?

Sasa na turudi kwa mzee wetu. Swali lake si la kipuuzi. Mtume Paulo mwenyewe aliwaonya Wathesalonike juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Lakini mtoto wa siku tatu hajaitwa kazini akakataa. Tukimnyima winda, je, ni nani tuliyemwadhibu? Baba mlevi hauhisi ubichi wa kitambaa. Pengine hayupo hata nyumbani. Adhabu yetu humruka mkosaji, ikamwangukia asiye na kosa. Nasi twarudi nyumbani tukidhani tumeitetea haki.

Wazee wanakumbuka mwaka 1994, watu wa Rwanda walipouvuka mto Kagera wakitukimbilia. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Kambi zikawekwa Chabalisa, Kagenyi na kwingineko, wakakaa humo hata waliporudishwa kwao Desemba 1996. Miongoni mwao walikuwamo waliomwaga damu ya jirani zao, na walikuwamo wengi sana wasio na hatia. Wala hakuna awezaye kuwatenga watu kwa kuwatazama nyuso. Watoto wakazaliwa chini ya maturubai. Je, ingekuwa haki kumwuliza mtoto kama huyo mkono wa baba yake ulitenda nini, kabla ya kumfunika? Ikiwa hatuthubutu kumwuliza huyo, kwa kosa lililo kubwa kuliko yote, twawezaje kumwuliza mtoto wa jirani kwa sababu ya kibuyu cha rubisi?

Na habari za binti aliyezaa kwao, sisemi kwamba kosa lisiitwe kosa. Lakini tukumbuke kwamba mama yake Bwana wetu alikuwa msichana ambaye jirani wangeweza kumnong'ona, naye alimfunga mwanawe vitambaa akamlaza katika hori la wanyama. Tena tumkumbuke Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakizionyesha nguo alizowashonea. Hatusomi popote kwamba aliwauliza kwanza mienendo ya waume zao.

Hata hivyo mzee wetu alisema kweli katika jambo moja: kutoa kwataka akili. Mimi naona akili hiyo yatakiwa zaidi katika namna ya kutoa. Mama akiitwa kwa jina mbele ya usharika wote ili apokee vitambaa vya maskini, tumempa kitambaa tukamvua heshima. Afadhali alale na kitambaa kibichi kuliko kupita katikati ya macho hayo. Na wako watakaochagua hivyo, na mtoto ataumia vile vile. Basi tulipatana hivi: kila mtoto azaliwaye mtaani, wa tajiri na wa maskini, apelekewe nyumbani fungu moja, liwe salamu ya usharika. Mwenye nacho atajua mwenyewe la kufanya. Aweza kurudisha mafungu mawili. Asiye nacho atapokea kama wenzake, wala hakuna atakayemjua kwa fungu lake.

Mzee akauliza tena, "Na yule baba mlevi, ataachwa tu?" Nikamjibu kwamba hataachwa. Yeye naye ana fungu lake, nalo ni maonyo, nasi wanaume ndio tupasao kumpelekea. Jumapili iliyofuata tukaenda wawili kwake, mzee na mimi, tukakaa naye mpaka jua likashuka. Sijui maneno yetu yatazaa nini. Lakini najua hatukuyatuma kwa mkono wa mtoto mchanga.

Basi, ndugu, masika hayachelewi. Funueni masanduku yenu mtazame kanga zilizokwisha kazi yake. Na atakapozaliwa mtoto karibu nawe, uliza kwa wema lile swali la zamani, mtoto huyu ni wa nani, upate kuujua mlango wa kumpelekea.