Rangi, Umbo na Hisia

Tunapomwonyesha mwanafunzi kinyago cha mtindo wa mawingu, mara nyingi swali lake la kwanza huwa: "Hiki ni nini?" Haoni mtu, mnyama wala shetani, aona mpingo uliochongwa ukapindapinda kama wingu lisukumwalo na upepo. Tukimjibu kwamba si kitu, tutakuwa tumempotosha. Yatupasa basi tujiulize: je, umbo au rangi isiyofanana na kitu chochote yaweza kubeba huzuni au furaha?

Swali hili si letu peke yetu. Katika miaka ya 1950, huko New York, Mark Rothko alijaza turubai zake mistatili mikubwa ya rangi, akashikilia kwamba alichokusudia kueleza ni hisia za binadamu. Wachongaji wa Kimakonde, ambao wengi wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walilikabili swali hilo kwa tezo na patasi. Rangi hawakuipaka, waliikuta ndani ya mti, katika moyo mweusi wa mpingo.

Wako wasemao kwamba rangi ina maana yake yenyewe: nyeusi ni msiba, nyeupe ni furaha. Lakini katika pwani ya Mtwara na Mikindani, nyeupe ni kanzu ya Idi, na nyeupe hiyo hiyo ndiyo sanda. Vivyo hivyo Ruvuma ufurikapo na kumwaga baharini maji ya rangi ya udongo, mvuvi aweza kuyatazama kwa wasiwasi, na mkulima wa mpunga kwa matumaini. Kwa hiyo hisia haimo katika rangi peke yake. Huzaliwa rangi inapokutana na maisha ya mtazamaji.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila tafsiri ni sawa. Mkunjo wa mpingo na uwazi ulioachwa katikati yake huliongoza jicho. Mtazamaji hana budi kuufuata mkono wa fundi.

Hapa pana jambo la uadilifu. Mchongaji arudiaye umbo asilolihisi kwa kuwa wageni hulinunua, na mtazamaji adaiye kuguswa ili aonekane mstaarabu, wote wawili husema uongo pasipo kufungua kinywa. Mwalimu, basi, asimlazimishe mwanafunzi kuona huzuni. Amwache akizunguke kinyago, akiguse, anyamaze. Kisha aseme kweli alichokihisi, hata kama hakuhisi kitu. Utamaduni wa taifa haujengwi kwa sifa za kuazima.